KIMYA CHA MWENYE USONJI SI KIBURI WALA SI RIDHAA

Ndugu Waislamu, uko mtindo mbaya uliokita mizizi majumbani mwetu, toka Kilwa Kivinje ufukweni mpaka Likawage huku bara. Mtu akiulizwa akanyamaa, sisi hujipa haki ya kukifasiri kimya chake. Akiwa mtoto, twasema ana kiburi. Akiwa kijana, twasema ana jini. Akiwa mtuhumiwa mbele ya wazee, twasema amekiri. Na akiwa mwari anayeposwa, twasema ameridhia. Hukumu nne, na ushahidi hata mmoja hapana!

Wamo miongoni mwetu watu wenye usonji. Usonji si wazimu wala si uchawi. Ni namna ubongo wa mtu ulivyokua tangu utotoni. Daktari Leo Kanner aliueleza huko Marekani mwaka 1943, na kwa hiyo wapo wanaosema kuwa haya ni maradhi ya Wazungu. Si kweli. Mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha habari za watoto wa namna hiyo aliowakuta katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo. Mwaka 2006 ukachapishwa uchunguzi wa watoto wa Tanzania yetu hii, na baadhi yao hali hiyo ilionekana baada ya malaria kali.

Wako wenye usonji wasiosema kabisa. Wengine husema vizuri, lakini dhiki ikiwazidi ulimi hufunga: kelele, msongamano, mabadiliko ya ghafla, au maswali mengi kwa mpigo. Mtoto aliyezungumza asubuhi katika shamba la ufuta, jioni penye vipaza sauti na umati wa harusi hatoi hata neno. Hali hiyo yaweza kudumu dakika chache, au saa, au siku. Wengi waliopata kuieleza baadaye wamesema kuwa neno lilikuwapo akilini, bali kinywa hakikulitoa.

Atasema mtu: "Mbona jana alisema? Huyu anajitia tu." Ajabu! Mwenye pumu jana alikimbia, leo anatweta. Je, naye anajitia? Na mwalimu wa chuo anayemchapa mtoto ili asome kwa sauti, anatumaini nini? Fimbo huzidisha hofu, na hofu ndiyo iliyoufunga ulimi. Huko si kufundisha; ni kukaza fundo kisha kumlaumu aliyefungwa.

Tuirejee Qurani. Katika Surat Ash-Shu'araa, aya ya 13, Nabii Musa (A.S.) alimshitakia Mola wake kuwa kifua chake kina dhiki na ulimi wake haukunjuki. Hatusemi kuwa alikuwa na usonji. Twasema kuwa dhiki ya kifua na kufungwa kwa ulimi vimetajwa pamoja, na Mwenyezi Mungu hakumkemea: alimpa nduguye Harun awe msaidizi wake. Nasi twawapa nini watoto wetu? Fimbo na mafusho ya mganga!

Nabii Zakariya (A.S.) alipozuiliwa kusema, aliwaashiria watu wake nao wakamwelewa. Na katika hadithi sahihi, msichana aliyepondwa kichwa kwa mawe hakuweza kusema. Akatajiwa majina, naye akaashiria kwa kichwa lilipotajwa la mwuaji. Mtume (S.A.W.) hakuipuuza ishara ile, mtu yule aliletwa, akakiri. Basi ishara ina uzito katika dini yetu. Nani aliyetuambia kuwa jibu ni la mdomo tu?

Lililo zito kuliko yote ni ndoa. Ni kweli, Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa bikira aombwe idhini, na kunyamaza kwake ni idhini. Twaipokea hadithi hii kwa kichwa na macho. Lakini Bi Aisha (R.A.) alikuwa ameuliza juu ya haya ya bikira, na jibu lilikuja juu ya haya hiyo. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii wakasema kuwa akilia kwa mayowe au akijipiga, hiyo si ridhaa. Basi binti ambaye hunyamaa kila anapobanwa, hata akiulizwa kama ana njaa, kunyamaa kwake mbele ya wageni wa posa kunathibitisha nini? Hakuthibitishi kitu! Aulizwe siku nyingine, mahali patulivu, na mama yake au somo wake. Aandike, au atikise kichwa. Walii anayeikwepa kazi hiyo ajiandae kwa jawabu lake Siku ya Kiama.

Ewe mzazi, ulimi wa mwanao ukifunga, punguza kelele, mwondoe kwenye umati, usirudierudie swali. Mpe kalamu, au mwache aonyeshe kwa mkono. Umngoje. Lakini mtu akipoteza kauli ghafla na haikuwa desturi yake, au mdomo ukapinda, mkono ukalegea, akawa na homa kali au degedege, usingoje wala usiende kwa mganga: mkimbize hospitali.

Samaki akilia, machozi yake huenda na maji. Mwenyezi Mungu huyaona hata hayo, na atatuuliza sisi tuliokuwa tukitazama.

Wabillahi tawfiq.