Nani Atamlinda Mlinzi wa Kukodi?



Watu wengi, Mjini na mashamba, wameweka katika simu zao programu za VPN. Matangazo yanaahidi kwamba kwa kubonyeza kitufe kimoja mtu hupata usalama kamili na hajulikani na yeyote. Yafaa tuipime ahadi hiyo, kwa kuwa wengi wameikabidhi siri zao.

VPN hujenga njia ya fumbo kati ya simu yako na kompyuta ya kampuni inayoiuza. Mwenye mtandao wa hoteli pale Shangani, au kampuni yako ya simu, haoni tena unatembelea tovuti zipi. Nayo tovuti huona anwani ya kompyuta ile, si yako. Hiyo ni kazi ya kweli, wala siibezi.

Lakini siri haikutoweka; imehamia kwa mwingine. Yale ambayo kampuni ya simu ingeyaona, sasa anaweza kuyaona muuza VPN, ambaye mara nyingi hatujui anakaa nchi gani wala anatii sheria ipi. Ni kama kuwanyima majirani ufunguo wa nyumba, kisha kumpa mpita njia.

Mifano ipo. Mwaka 2013 Facebook iliinunua kampuni ya Onavo. Programu yake ya bure, iliyotangazwa kuwa kinga, ilikusanya habari za programu nyingine alizotumia mwenye simu. Mwaka 2018 iliondolewa katika duka la Apple, na mwaka 2019 ikafungwa kabisa. Julai 2020, kumbukumbu za watumiaji wa UFO VPN ya Hong Kong zilikutwa wazi mtandaoni, ilhali kampuni ilijisifu kwamba haihifadhi kumbukumbu. Hata NordVPN, yenye jina kubwa, ilikiri Oktoba 2019 kwamba kompyuta yake moja nchini Finland iliingiliwa mwaka 2018.

Tuwe wa haki pia. Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika na hati ya upekuzi katika ofisi za Mullvad, wakaondoka mikono mitupu, kwani taarifa za wateja walizozitafuta hazikuwapo. Waaminifu basi wapo, ila hawatambuliwi kwa ukubwa wa tangazo. Na cha bure kina mlipaji wake. Ukiona hulipi wewe, jiulize kinachouzwa ni nini.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hulinyamazia. Tovuti nyingi leo, zikiwamo za benki, tayari husafirisha habari kwa fumbo, hivyo mwizi wa mtandao wa hoteli haoni mengi kama tunavyotishwa. Wizi unaotuumiza zaidi huja kwa ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, au kwa mtu anayekubembeleza umtajie namba yako ya siri. Ukiitaja kwa hiari, hakuna VPN itakayokuokoa.

Tukumbuke pia yaliyotokea nchini. Katika uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilipozuiwa, wengi walipita kwa VPN. Lakini tangu Oktoba 29, 2025, intaneti yenyewe ilipokatwa nchi nzima kwa siku kadhaa, VPN haikufaa kitu: handaki halichimbwi pasipo na ardhi. Tena, mawasiliano ni jambo la Muungano, na Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao. Tangazo linalokuambia “hutajulikana” halikuelezi sheria ya nchi unayoishi.

Rai yangu ni hii. Anayehitaji VPN kwa kazi halali aichague kwa kuuliza: mwenyewe ni nani, anapata wapi fedha, na ahadi yake imewahi kukaguliwa na mtu wa nje? Asiye na haja hiyo aanze na yaliyo karibu: asasishe simu yake, awe na nywila tofauti kwa kila huduma, na asimtajie mtu namba ya siri. Hayo hayana matangazo, kwa sababu hayamtajirishi mtu.

Nawatakia juma lenye amani.