Mitaro isisubiri wataalamu wakubaliane



Kila tukiuliza mtaro wa mtaa wetu utazibuliwa na kupanuliwa lini, jibu ni moja: tuvute subira, bado haijulikani mabadiliko ya tabianchi yataleta mvua kiasi gani.

Ni kweli haijulikani. Modeli nyingi za hali ya hewa zinaonyesha mvua za Afrika Mashariki zitaongezeka, ilhali tangu miaka ya 1980 vipimo vilionyesha masika yakipungua kwa muda mrefu. Lakini mtaro uliojaa mchanga na chupa za plastiki unatudhuru mvua iongezeke au ibaki ilivyo. Kuuzibua hakuhitaji modeli yoyote.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Hata baada ya msiba huo, karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde la Mto Msimbazi, na maji yameifuata humo zaidi ya mara moja. Pale hakukuwa na fumbo la kisayansi. Mto ulikwisha kuonyesha mpaka wake, na watu wakauona.

London nao hawajui bahari itapanda kiasi gani hadi mwisho wa karne hii. Hata hivyo, mpango wao wa Thames Estuary 2100, uliotolewa mwaka 2012, haukungoja uhakika. Wanapima kina cha maji na hali ya kingo mwaka hadi mwaka, wamekubaliana mapema hatua ipi ifuate vipimo vikibadilika, na kila miaka 10 wanaupitia mpango wote upya. Fedha za London hatuna, lakini nguzo yenye alama za mita mtoni na mtu wa kuisoma haviwezi kutushinda.

Mradi wa Bonde la Msimbazi, unaolenga kupunguza mafuriko, nauunga mkono kwa moyo wote. Ila jiji hili lina pia mito ya Kizinga, Mlalakuwa na Tegeta, na huko nako watu wanalala roho juu kila wingu likitanda.

Nawaomba wahusika watutangazie kabla ya vuli: maji yakifika kiwango gani, nani ahamishwe, apelekwe wapi, na kwa fedha za fungu lipi. Na mitaro izibuliwe sasa.

Mkazi wa bondeni,
Dar es Salaam