Acheni Kumwaga Zote

Kuna sentensi moja nimechoka kuisikia kwenye meza za karata kuanzia Mtwapa hadi Malindi: "Limiti ni mchezo wa wazee." Wanaoisema ni vijana wa rika langu. Wengi wao poka wamejifunzia YouTube, wanavaa miwani ya jua saa tatu usiku, na mkono wa tatu haujaisha washasukuma kila kete walizo nazo katikati ya meza. Wakishinda, ni ujuzi. Wakipigwa, ni karata mbaya. Mimi nasema hivi: kwa miji midogo kama yetu, poka isiyo na kikomo ndiyo chaguo baya kuliko yote, na wanaoitetea kwa jina la ujuzi hawajapiga hesabu.

Kwa asiyejua, karata ni zile zile: mbili mkononi, tano za wote mezani. Tofauti iko kwenye dau. Kwenye limiti ya 10 kwa 20, raundi mbili za kwanza unaweka au kupandisha kwa shilingi 10, raundi mbili za mwisho kwa 20, na mapandisho hayazidi matatu kila raundi. Jumlisha mwenyewe: hata mkono uwe moto vipi, hauwezi kukula zaidi ya 240. Ile nyingine, ambayo mimi naiita mwaga-zote, inakuruhusu kusukuma chochote kilicho mbele yako, wakati wowote. Umekaa na ngiri, ngiri nzima inaweza kwenda kabla chai haijapoa.

Naanza na hoja yao kali, kwa sababu ni ya kweli. Mwaga-zote ina maamuzi mengi zaidi. Kiasi cha dau chenyewe ni lugha, na kuisoma lugha hiyo ni kazi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliandika kwenye jarida la Science kwamba programu yao, Cepheus, imeimaliza limiti ya watu wawili. Ukicheza nayo umri wako wote hutapata upenyo wa maana. Basi wakashangilia: limiti imekufa!

Pole pole, jamani. Kwanza, hiyo ni ya watu wawili. Meza ya watu sita ni habari nyingine. Pili, chuo hicho hicho kilitangaza mwaka 2007 kwamba kimeimaliza drafti ya Kiingereza, ile ya miraba 64. Nenda maskani yoyote Kilifi jioni hii uwaambie wazee wakusanye vifuniko vyao vya soda kwa kuwa Kanada wameshapata jibu. Halafu Januari 2017, pale Pittsburgh, programu iitwayo Libratus iliwachapa mabingwa wanne kwenye hiyo hiyo mwaga-zote, kwa mikono 120,000. Kama kupigwa na kompyuta ni kifo, michezo yote miwili iko kaburini.

Swali la maana ni ujuzi gani unaonekana kwenye meza yetu, kati ya watu tunaojuana. Chukua mfano. Una karata nne za kopa, imebaki karata moja. Kopa tisa hazijaonekana kati ya karata 46, yaani utapata moja kama mara moja kati ya tano. Kapu lina 120, mwenzako anaweka 20. Unalipa 20 kuwania 140: unafuata, hata bila kufikiri sana. Kwenye mwaga-zote anasukuma 200, na hesabu inakwambia utupe. Watetezi wake wanasema, umeona, huku mtu anaweza kulinda mkono wake! Sawa. Ila kwa sababu kwenye limiti huwezi kumfukuza mtu kwa kishindo, inabidi umshinde kwa vidogo vidogo: dau moja la ziada ulilothubutu kuweka mwishoni, dau moja uliloacha kulipa. Mkwara nao upo. Mkwara wa 20 kwenye kapu la 140 ukifaulu mara moja tu kati ya nane, hujapoteza kitu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hesabu hii haihitaji digrii. Inahitaji subira, ambayo ndiyo hatuna.

Na tungekuwa nayo vipi? Simu zetu zimetuzoesha Aviator, kandege kanapanda na wewe umekodoa macho. Mtu akitoka huko, meza ambayo hawezi kumaliza kila kitu kwa dakika moja anaiona imelala.

Sasa twende kwenye jambo ambalo sijasikia mtu akilisema huku kwetu. Wacheza poka wa Marekani wanamwita mchezaji dhaifu "samaki". Kabla ya 2003, kwenye kumbi nyingi za kule limiti ndiyo iliyokuwa mchezo wa kawaida wa fedha taslimu, na mwaga-zote ilikuwa adimu. Sababu mojawapo ni kwamba mwaga-zote inamaliza samaki upesi mno: mgeni anafilisika usiku mmoja, harudi, na meza inakufa. Kwenye limiti mgeni anapoteza polepole, siku nyingine anashinda, na wiki ijayo yuko pale pale. Kilichobadilisha mambo 2003 ni Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyepita kwenye mchujo wa intaneti kwa kiingilio kisichofika dola 100, akanyakua dola milioni 2.5 kwenye mashindano makuu ya Las Vegas. Dunia nzima ikafungua kompyuta. Samaki wakaja kwa mamilioni, na mwaga-zote ikashiba.

Sisi hatuna mamilioni. Ukihesabu wanaocheza poka kwa dhati kutoka Mnarani hadi Bofa, vidole vya mikono na miguu vinatosha. Na hapa mwana wa pwani hahitaji mhadhara. Juya linakomba kila kitu, wazazi kwa vitoto, na ndiyo maana lilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001. Lema linakaa chini likisubiri, linapata kidogo, kesho linapata tena. Pale Kuruwitu, karibu na Vipingo, wavuvi wenyewe walifunga kama hekta 30 za bahari mwaka 2005, wakaonekana wendawazimu, na samaki wakarudi. Mwaga-zote kwenye mji wa wachezaji ishirini ni juya. Nimeziona meza tatu zikifa hivyo, na kila mara aliyebaki na pesa ndiye aliyelalamika hakuna wa kucheza naye.

Utamu? Kwa mwaga-zote unatupa karata, unatupa, unatupa, halafu dakika mbili za moyo kwenda mbio, halafu mmoja anaitwa boda aende nyumbani. Limiti watu wanaingia kwenye mikono mingi, wanaonyeshana karata, wanataniana. Saa tano usiku bado mko sita. Kama hamu yako ni hofu, sawa, mwaga-zote inayo ya kutosha.

Tumalizie faida, ambapo ndipo watu hudanganyana zaidi. Kipimo cha zamani ni kwamba mchezaji mzuri wa limiti hupata dau kubwa moja kwa saa. Kwa meza yetu hiyo ni shilingi 20. Mbao! Mwaga-zote inamlipa mjuzi zaidi, sikatai. Lakini angalia mtaji. Limiti, kanuni ya kawaida ni dau kubwa 300, ili siku mbaya zisikumalize: shilingi 6,000. Mwaga-zote yenye dau za lazima za 5 na 10, unakaa na 1,000, na ushauri wa kawaida ni uwe na viingilio 20 angalau. Hizo ni 20,000. Nani kati yetu anazo za kuweka kando? Anayeketi na 3,000 za kodi amejipa nafasi tatu tu, na anaita hiyo ujuzi.

Watu husema tajiri anakusukuma nje kwa fedha zake. Si kweli. Sheria inasema unahatarisha kilicho mbele yako tu. Ukiishiwa, unabaki kwenye lile kapu ulilochangia. Tatizo linakuja baadaye: mgeni mwenye yuro pale Malindi akifilisika ananunua tena mara nne bila kupepesa. Wewe ukifilisika unasindikizwa.

Kuna jambo ambalo wenzangu wa limiti hawapendi kulisema: kasinoni, limiti ya shilingi ndogo haina maana. Nyumba inakata sehemu ya kila kapu, na kato hilo linakula ile mbao yako yote. Mimi nazungumzia meza za nyumbani, zisizo na mkataji. Na anayesema kamari ni haramu, sina ubishi naye. Yeye ameweka kikomo chake kwenye sifuri, na anaelewa kikomo ni nini kuliko hawa wa miwani.

Ukishindwa kuwashawishi wenzako, kuna njia ya kati: kikomo cha kapu. Hakuna anayeruhusiwa kuweka zaidi ya kilichopo katikati. Ongeza sharti kwamba kiingilio ni kimoja kwa usiku, na atakayeishiwa anakuwa mgawaji hadi mwisho. Atakayekataa masharti hayo, muulize yeye huwa ananunua tena mara ngapi.