Risala ya Wahadhiri wa Mekanika ya Vifaa kwa Makamu Mkuu wa Chuo

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,
Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Upandishaji Vyeo,

Sisi ni wahadhiri na mafundi sanifu wa maabara ya uimara wa vifaa. Kilichotuleta ni barua moja. Mwenzetu aliyefundisha hapa miaka 16 aliomba cheo cha profesa mshiriki, akajibiwa kwa mistari mitatu: makala zake ni 11 tu, na kipimo chake cha h ni 6. Katika barua hiyo hakuna neno linaloonyesha kwamba kuna mjumbe aliyezisoma makala zenyewe.

Mwenzetu anachunguza vigae vya saruji vilivyotiwa nyuzi za mkonge. Nyuzi hizo ni imara, na ukivipima vigae baada ya siku 28, kama ilivyo desturi ya zege, utapata matokeo ya kupendeza na makala utaiandika wiki hiyohiyo. Lakini saruji ina alkali, na alkali huzila nyuzi polepole. Kigae ambacho kikiwa kipya kilipinda bila kukatika, baada ya masika kadhaa huvunjika kama biskuti. Anayeandika siku ya 28 aweza kutoa makala tatu kwa mwaka. Mwenzetu aliviacha vigae vyake juu ya paa la karakana, vikapigwa jua na mvua miaka minne, ndipo akaandika makala moja. Hiyo ndiyo inayomfaa mtu anayetaka kulala chini ya paa hilo. Kamati yenu iliihesabu kuwa moja, basi.

Hata chuma kina muda wake. Jaribio la uchovu wa chuma la mizunguko milioni 10, mashine ikienda mizunguko 20 kwa sekunde, huchukua karibu siku sita, usiku na mchana, kwa kipande kimoja. Sisi huhitaji vipande kama 15 ili tuchore grafu moja tu ya kuaminika. Umeme ukikatika siku ya tano, tunatoa kipande, tunafunga kingine, tunaanza upya. Mafundi sanifu wetu hulala maabara kwa zamu, na hakuna fomu yenu inayouliza habari zao.

Kuhusu kipimo cha h: 6 maana yake ni kwamba makala zake sita zimenukuliwa na wengine angalau mara sita kila moja. Mwanafizikia Jorge Hirsch, aliyekitunga mwaka 2005, alieleza mwenyewe kwamba viwango hutofautiana kati ya fani na fani, na kwamba wanasayansi wa viumbe hai huwa juu kuliko wanafizikia. Kamati imempanga mwenzetu safu moja na watafiti wa tiba, kisha ikamwona mfupi. Makala zake tatu zilizotoka katika majarida ya hapa nyumbani zilipewa nusu alama. Kijitabu alichowaandikia mafundi wa vigae kwa Kiswahili, ambacho kimechakaa mikononi mwao, kilipewa sifuri. Hili limetuuma kuliko yote.

Fani yetu ina ushahidi wake kwamba makala yenye thamani huweza kuchelewa kutambuliwa. Mwaka 1921 Alan Arnold Griffith wa Uingereza, akitumia vioo, alichapisha makala iliyoeleza kwamba kitu huvunjika kwa sababu ya nyufa ndogo zilizomo ndani yake. Kwa miaka mingi wahandisi hawakuijali sana. Kisha Januari 1943 meli mpya Schenectady ilipata ufa, ikakaribia kukatika vipande viwili ikiwa imefungwa bandarini, Portland, Marekani, maji yakiwa shwari. Baada ya vita George Irwin aliirudia hoja ya Griffith, akaikuza iwafae watu wa vyuma, na leo ndiyo msingi wa elimu ya kuvunjika kwa vifaa. Kipimo cha majarida, ambacho pia mnakitumia, huhesabu manukuu ya miaka miwili tu. Kwa kipimo hicho, Griffith naye angeandikiwa mistari mitatu.

Kwa hiyo tunadai faili la mwenzetu lifunguliwe upya, na wataalamu wawili wa mekanika kutoka nje ya chuo wasome makala tano atakazozichagua yeye, waandike wamejifunza nini humo. Kanuni zitaje miaka ya majaribio pamoja na idadi ya makala, na mtafiti alinganishwe na wa fani yake. Chuo kitie saini Azimio la San Francisco, lililotangazwa mwaka 2013, linalokataa kumpima mtafiti kwa kipimo cha jarida. Mafundi sanifu walioendesha majaribio watambuliwe katika tathmini zao. Tena tunahitaji jenereta. Tumeliomba mara nyingi.

Nakala za makala zote 11 tumeziambatisha, na kijitabu pia. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, kwa kuwa mwenzetu amebakiza miaka mitatu kustaafu, na vigae alivyovipandisha juu ya paa mwezi uliopita havitakuwa tayari kupimwa hadi mwaka wa nne.

Tunawasilisha.