Kompyuta ya Kubeba: Mama Aulize Nini Kabla ya Kutoa Fedha?

Sisi tuko Tukuyu, katika wilaya yetu ya Rungwe. Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya ombi linalozidi kusikika majumbani mwetu. Zamani kijana au binti akimaliza shule aliomba cherehani, baiskeli, au nauli ya kwenda Dar es Salaam. Siku hizi anaomba kompyuta. Tena si kompyuta yoyote, bali ile ya mezani yenye nguvu, lakini ndogo kiasi cha kuingia kwenye begi. Anasema ataitumia kuhariri video za kwaya na za harusi, kutengeneza muziki na kuchora katuni. Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, anaongeza kwamba itacheza na gemu pia.

Mama akisikia neno "gemu", moyo unasita. Fedha zenyewe ni za maziwa, za parachichi, au ni mgao wa kikoba uliokusudiwa kununua bati za jiko. Akikataa, anaogopa kumvunja moyo mtoto mwenye kipaji. Akikubali bila kuuliza, anaogopa kwamba amenunua kitu cha kuchezea kwa bei ya ng'ombe. Wengi wetu hunyamaza kwa kuwa tunadhani mambo ya kompyuta ni ya wasomi. Sivyo. Mama anayejua kusimamia ujenzi wa nyumba chumba baada ya chumba anaweza pia kusoma orodha ya vipuri vya kompyuta. Na orodha hiyo, tukiisoma vizuri, hutuambia mtoto anataka kufanya nini hasa.

Kitu chenyewe ni kipi?

Wenzetu wenye umri mkubwa wanakumbuka kuwa hapa nchini kompyuta haikuwa chombo cha nyumbani. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na ilichukua miaka mingi kabla ya marufuku hiyo kulegezwa. Huko Marekani, mwaka 1981, ilitoka kompyuta iitwayo Osborne 1 iliyosifiwa kuwa ya kubeba. Uzito wake ulikuwa takriban kilo 11, yaani zaidi ya ndoo ya lita kumi iliyojaa maji! Mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ilileta bodi ndogo yenye upana wa sentimeta 17 kila upande, iitwayo Mini-ITX. Bodi za namna hiyo ndizo zinazowawezesha vijana wa leo kuunda mashine yenye nguvu ndani ya kasha lisilozidi ukubwa wa ndoo hiyo ya lita kumi.

Na kazi wanazozitaja si ndoto tupu. Watoto wetu wadogo wanaokaa mbele ya televisheni kutazama Ubongo Kids wanatazama katuni ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014, ikitengenezwa Dar es Salaam kwa kompyuta. Mwaka 2025 filamu ya katuni iitwayo Flow, kutoka nchi ndogo ya Latvia, ilipata tuzo ya Oscar. Ilitengenezwa kwa programu ya Blender, ambayo mtu yeyote huipata bure. Kwa hiyo mtoto akisema fedha nyingine zitahitajika kununulia programu, mwulize kwanza kama amejaribu zile za bure. Kwa video ipo DaVinci Resolve yenye toleo la bure, na kwa sauti ipo Audacity.

Kusoma orodha

Mwambie mwanao aandike vipuri vyote kwenye karatasi, kimoja kimoja, na mbele ya kila kimoja aandike kazi kitakayofanya. Tukilinganisha na jikoni, prosesa ni mpishi. Ramu ni meza ya kukatia mboga: ikiwa ndogo, mpishi husubirisubiri hata akiwa hodari. Diski ni stoo ya kuhifadhia chakula. Kadi ya picha ni mpishi wa pili anayeshughulikia picha tu. Pawa saplai ndiyo inayogawa moto kwa wote.

Sasa tazama. Anayetaka kurekodi na kupanga muziki anahitaji prosesa nzuri, ramu ya kutosha na diski ya haraka. Kadi kubwa ya picha haimsaidii sana, maana prosesa nyingi huja na sehemu ya picha ndani yake. (Mwulize tu kama aliyoichagua inayo, kwani zipo zisizo nayo.) Anayehariri video anahitaji ramu zaidi, gigabaiti 16 kwa kuanzia na 32 kwa kazi nzito, na kadi ya picha humpunguzia muda wa kusubiri. Anayetengeneza katuni za kompyuta anaihitaji kadi hiyo kwelikweli, sawasawa na mcheza gemu.

Hapo ndipo orodha inaposema ukweli. Mtoto akikuambia anataka kurekodi kwaya, lakini kipuri ghali kuliko vyote kwenye karatasi yake ni kadi ya picha, una haki ya kumwuliza, "Mwanangu, hiki ni cha kwaya au cha gemu?" Usimwulize kwa ukali. Huenda ana jibu zuri. Na kama hana, hajakosea kupenda gemu, ila ni vema nyote wawili mjue mnanunua nini. Mara nyingi suluhisho ni kuanza bila kadi hiyo na kuacha nafasi yake ndani ya kasha, kisha aiongeze kwa fedha atakazozipata mwenyewe.

Stoo nayo isisahauliwe. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa moja. Harusi ya saa sita, kwa kamera moja tu, ni gigabaiti 270. Tena ni lazima kuwe na diski ya pili ya kuwekea nakala, kwani harusi ya watu hairudiwi. Fundi aliyepoteza video ya bibi arusi hapotezi malipo tu, anapoteza na jina lake mji mzima.

Kwa nini asichukue laptopu?

Swali hili ni la haki. Laptopu ina betri, hivyo umeme ukikatika kazi haipotei. Kama mtoto anakwenda chuo na atakuwa akihama kila muhula, pengine ndiyo imfaayo. Lakini kwenye laptopu nyingi kipuri kikifa si rahisi kukibadili, na huwezi kuongeza nguvu yake kidogokidogo. Kompyuta ya mezani, hata iliyo ndogo, hununuliwa kwa awamu: ramu mwaka huu, diski mwakani. Haba na haba hujaza kibaba. Ubaya wake ni kwamba vipuri vidogo huwa ghali kuliko vya kawaida, na kasha dogo hupata joto upesi. Mwanao apime urefu wa kadi, kimo cha feni na ukubwa wa pawa saplai kabla ya kununua, kama fundi cherehani anavyopima kabla ya kukata kitambaa.

Barabara, ukungu na umeme

Sisi wa Rungwe tuna mambo yetu ambayo muuzaji wa mjini hayafikirii. Kutoka hapa hadi Mbeya ni yapata kilometa 70, na mashine itapanda Koasta na pengine bodaboda. Kadi nzito ya picha ikining'inia ndani ya kasha huweza kuvunja mahali ilipochomekwa. Ichomolewe na kufungwa peke yake, au iwekewe kitu cha kuishikilia. Skrini nayo iwe na mfuko wake wenye sponji.

Mji wetu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu tunaujua. Mashine isiwekwe sakafuni wala karibu na ukuta unaotoa maji. Ikiwa kijana atashuka nayo Kyela kurekodi kwaya, akumbuke kuwa sisi tuko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Kyela iko karibu mita 500 tu. Chuma kilichotoka kwenye baridi kikifika kwenye joto lenye unyevu hutoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Asiiwashe mara tu anapofika. Aiache ndani ya begi kwa saa moja au mbili, ipate joto la mahali pale.

Kuhusu umeme, mashine ya namna hii pamoja na skrini hutumia wati zipatazo 250 ikifanya kazi nzito. Hiyo ni uniti moja ya LUKU kwa saa nne, chini sana ya pasi ambayo hula wati 1,000 au zaidi. Hivyo gharama ya umeme si ya kuogopesha. La kuogopa ni kukatika kwa ghafla na radi. Tenga fedha za UPS tangu mwanzo, na wakati wa kuinunua soma wati, si VA, kwa kuwa wati huwa chache kuliko VA. Haimwezeshi kufanya kazi usiku kucha, bali humpa dakika za kuhifadhi kazi yake na kuzima kwa utaratibu. Fundi umeme apime waya wa ethi wa nyumba. Na ngurumo zikianza, plagi zote zichomolewe ukutani, kwani UPS haizuii radi.

Na gemu je?

Tusidanganyane, gemu zitachezwa. Kukataza kabisa kitu kilichomo ndani ya mashine ya kazi ni kumfundisha mtoto kujificha. Yafaa zaidi kuweka mipaka. Gemu nyingi huwa na alama ya umri. Zile za Ulaya huandikwa 3, 7, 12, 16 au 18. Mdogo wake wa miaka tisa asikae kutazama gemu ya miaka 18 eti kwa kuwa ni ya kaka. Mashine ikae mahali ambapo watu hupita, si chumbani nyuma ya mlango uliofungwa.

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo hutazamwa kwa miezi 12 kabla ya kuiita ugonjwa. Kwa hiyo tusimwite mtoto mgonjwa kwa jioni moja ya kucheza, wala tusifumbe macho akiacha kula, kulala na kufanya kazi.

Kabla ya kufungua kibubu

Zungumzeni kwanza na baba wa nyumba, mkae watatu mezani na karatasi ile. Ulizeni: kazi ya kwanza ni ipi, na nani atailipia? Kila kipuri ni cha kazi gani? Nakala zitawekwa wapi? Itasafiri vipi? Na mtoto anachangia nini? Awe ameuza kuku, au amechuma chai ya jirani kwa ujira, lakini mkono wake uwemo. Orodha ya bei aitoe katika maduka mawili, kwa maandishi. Kisha muwe na daftari la mapato na matumizi ya mashine hiyo, kama tufanyavyo kwa ng'ombe wa maziwa.

Akina mama, mtoto akiona mama yake ameketi kuuliza kuhusu ramu na diski, anatambua kuwa kipaji chake kimechukuliwa kwa uzito. Hilo lina thamani hata pale ambapo jibu, baada ya kuhesabu fedha, litakuwa, "Subiri hadi msimu ujao wa parachichi."

Tukutane tena mwezi ujao.