Reli Imekwisha, Waondoke

Wahindi waliletwa kujenga reli, reli imekwisha, basi waondoke. Hoja hiyo ya Rais Idi Amin wa Uganda ya mwaka 1972 inanukuliwa hadi leo, kwa kuwa hata mama auzaye mihogo sokoni Arua angeishika kwa kuisikia mara moja. Haina neno gumu. Ina mwanzo, ina mwisho, na ina mtu wa kulaumiwa.

Ina uongo pia. Vibarua walioletwa kutoka India kuijenga reli ile, kati ya 1896 na 1901, walikuwa takriban 32,000, na waliobaki Afrika Mashariki hawakufika 7,000. Wengi wa waliopewa siku 90 kuondoka Uganda walitoka katika koo za wafanyabiashara waliokuja wenyewe kutafuta riziki, na baadhi yao walikuwa raia wa Uganda. Ila kuyaeleza haya kunataka muda na hesabu, wakati hoja ya reli inatoka kwa pumzi moja. Anayesema kwa mkato humwachia mpinzani wake kazi yote ya kufafanua, na mkutano wa hadhara hauna subira ya kungoja ufafanuzi.

Sisi wa Ayivu na Koboko, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, tunapaswa kulichunguza jambo hili kuliko wengine. Baba yake Amin alikuwa Mkakwa wa Koboko. Alipoipindua serikali tarehe 25 Januari 1971, redioni zilisomwa sababu 18, na kadhaa zilikuwa malalamiko ya kweli: kodi, bei za bidhaa, watu kuwekwa ndani bila kesi. Mwenyewe akajitambulisha kuwa ni askari, si mwanasiasa, tena mtu wa maneno machache. Watu wakashangilia barabarani Kampala. Tuliamini kwamba asiyejua kupamba maneno hajui kudanganya, na imani hiyo ilitugharimu sana.

Unyang'anyi wa maduka ya Wahindi aliuita vita vya uchumi. Wananchi nao wakatunga majina yao. Waliogawiwa maduka wakaitwa mafuta mingi. Sukari, chumvi na sabuni zilipoadimika, biashara ya kificho ikaitwa magendo. Hebu yalinganishe. "Vita vya uchumi" hayakuonyesha nani kapata nini. "Mafuta mingi", ukiyasikia tu, ulimwona mtu na tumbo lake, na ulijua duka lake lilikuwa la nani jana. Yote mawili ni maneno mepesi. Ndiyo maana sikubaliani na wasomi wetu wanaodai kuwa lugha nyepesi ndiyo sumu ya siasa. Mpiga kura ana haki ya kusemeshwa kwa maneno anayoyatumia nyumbani. Ninachouliza ni kama neno linafunua jambo au linalifunika.

Amin alipoangushwa Aprili 1979, kauli ya aina ileile ilitugeukia sisi. Tukaitwa watu wa Amin. Jina hilo lilimweka askari aliyeua katika kapu moja na mkulima Mlugbara wa Ayivu ambaye hakuwahi kuvaa buti. Maelfu walivuka mpaka kwenda Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Mhindi wa 1972 na Mlugbara wa 1981 walihukumiwa kwa neno moja: wale.

Siku hizi maneno ni mapole zaidi. Rais Museveni huwaita vijana bazzukulu, yaani wajukuu. Ni neno tamu, lakini mjukuu gani hapa kwetu humdai babu yake stakabadhi? Upinzani nao una "sisi" yake. Vuguvugu la Nguvu ya Umma, la mwanasiasa Bobi Wine, lilijaza barabara za Arua Agosti 2018, katika uchaguzi mdogo uliofuata kuuawa kwa mbunge Ibrahim Abiriga. Dereva wa Bobi Wine, Yasin Kawuma, aliuawa kwa risasi, watu wakapigwa, na mgombea wa upinzani, Kassiano Wadri, akashinda kiti akiwa kizuizini. Siibezi hasira ile. Ilikuwa na haki yake. Hata hivyo "umma" nalo ni neno pana: halisemi ni zahanati ipi itapata dawa, wala fedha zitatoka wapi.

Ndugu yangu wa Ayivu, nawe wa Koboko, mgombea atakuja tena chini ya mwembe na kusema kwamba wale ndio waliotufikisha hapa. Kabla hujapiga makofi, nyoosha mkono. Muulize ni akina nani kwa majina, ni wangapi, na wakishaondoka funguo za duka atapewa nani.