Kitasa cha Mashine ya Babu

Barua ya juma hili imetoka Kisangani, komine ya Mangobo. Mwandishi wake ameachiwa na babu yake mashine ya chuma ya kuuzia karanga, ile ya kutia sarafu, kuzungusha mkono wake, na kupokea karanga katika kiganja. Babu alikuwa na duka dogo, naye aliipata kwa mfanyabiashara mmoja Mzungu aliyehama wakati mji ulipokuwa ungali waitwa Stanleyville, yaani kabla ya mwaka 1966. Sasa ufunguo umepotea, ndani ya kitasa kuna kitu kilichovunjika, na kila mashine itikiswapo sarafu zalia tumboni mwake. "Ndugu zangu wawili wanataka tuipasue kwa nyundo tugawane," aandika. "Mama amekataa, na tangu Jumapili hatuli pamoja. Je, vipuri vya kitasa cha kale namna hii vyapatikana wapi?"

Ndugu yangu, kwanza nyundo iwekwe chini. Chuma cha kusubu hakipindi. Kikipigwa hupasuka kama chungu, na kukilehemu ni kazi ngumu hata kwa fundi hodari. Tena ninyi mwagombea nini? Faranga za wakati wa Wabelgiji hazinunui kitu sokoni leo. Zaire ilichukua mahali pa faranga mwaka 1967, na faranga ya Kongo ikachukua mahali pa zaire mwaka 1998. Kuivunja mashine kwa ajili ya sarafu zile ni kumchinja ng'ombe kwa ajili ya kupe.

Mashine hizi si ngeni duniani kama tudhanivyo. Katika karne ya kwanza, Heroni wa Alexandria, huko Misri, alieleza chombo cha kuwekwa hekaluni. Mtu akitia sarafu, iliangukia kibao, uzito wake ukakiinamisha, tundu likafunguka, naye akapata maji ya kujitakasa. Sarafu ikiteleza, tundu lilijifunga. Wazungu walikuja nyuma sana. Waliuza kadi za posta kwa mashine mjini London mwaka 1883, na chingamu kwenye vituo vya treni vya New York mwaka 1888. Jambo moja halibadiliki: mashine yapokea fedha bila mwenyewe kuwapo, kwa hiyo kitasa ndicho karani wake. Ndiyo maana naona Mama amefanya vema kukitetea.

Umeandika kwamba tundu la ufunguo ni jembamba, lenye kona kona. Basi yaelekea ni kitasa cha pini, namna ya yule Mmarekani Linus Yale mdogo, aliyepata hataza zake mwaka 1861 na 1865. Ndani mna silinda izungukayo katika nyumba yake. Vijiti vya shaba ya njano, mara nyingi vitano, vimepangwa mstari mmoja. Kila kimoja kimekatwa viwili, na juu yake imekaa springi ndogo. Ufunguo halali huviinua vyote mpaka mikato yao ilingane na ukingo wa silinda, na hapo silinda hugeuka. Kijiti kimoja tu kikipita juu au kikibaki chini, haigeuki. Kwa hiyo "kitu kilichovunjika" huenda ni springi moja tu, ya thamani ndogo kuliko kiganja cha karanga.

Sasa nakuja kwenye swali lako. Usitafute vipuri kwa jina la mashine. Kiwanda kilichosubu chuma kile, mara nyingi hakikutengeneza kitasa. Kilikinunua kwa watengenezaji wa vitasa. Hivyo pini zako zina ndugu nyingi, nao hawako Marekani tu. Makufuli ya shaba yaliyopoteza funguo, ambayo kila nyumba ya Kisangani huyaweka katika kopo pamoja na misumari iliyopinda, yana pini na springi za namna ileile. Kufuli lililokufa ni duka la vipuri. Liombe kwa jirani, au kwa mafundi wa funguo wakaao kando ya soko. Lililo muhimu ni unene: pima pini kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, maana pini nene haiingii, na pini nyembamba hulala upande na kukwama.

Kazi yenyewe yataka saburi. Fundi akishafungua kwa vifaa vyake bila kutoboa, kitasa kitolewe, kifungwe katika kitambaa, na silinda isukumwe nje kwa kijiti cha mviringo chenye unene sawa na silinda. Usiivute kwa mikono mitupu. Springi huruka kama panzi, nawe utatambaa sakafuni mpaka jioni. (Hayo yamenipata, na springi ya tatu sijaiona hata leo.)

Tena, msihuzunikie ufunguo wa babu. Tafuteni ufunguo wowote uingiao vizuri katika tundu. Uwekwe ndani ya silinda, na pini za chini zitiwe moja moja. Ile ichomozayo isuguliwe kidogo kwa tupa laini hata iwe sawa na ukingo, ile iliyo fupi mno ibadilishwe kwa ndefu. Namna hii pini hufuata ufunguo, wala si ufunguo kufuata pini. Mwisho msitie mafuta ya kupikia, kwa maana hushika vumbi na kuganda. Kwangueni unga wa risasi ya kalamu ya mwanafunzi, mpulize ndani.

Skrubu na nati ni mtego mwingine. Kama mashine yatoka Marekani, hesi zake zilikatwa kwa inchi, na skrubu za dukani kwenu ni za milimeta. Skrubu ya robo inchi ina unene wa milimeta 6.35, ile ya milimeta 6 itaingia kwa furaha, nayo italegea kabla ya mwezi kwisha. Kuilazimisha ile nene kidogo ni kuharibu hesi kabisa.

Lakini mkikuta tundu ni la duara, lenye nguzo ndogo katikati, shauri ni jingine. Pini za namna hiyo hupangwa kwa mviringo, wala hazipatikani katika kufuli la kawaida. Hapo ni afadhali kuagiza kitasa kizima. Wako wakusanyaji wa mashine za kale Marekani na Ulaya wauzao vitasa kwa njia ya intaneti. Wapelekee kipenyo, urefu, umbo la ulimi wa nyuma, na namba iliyochorwa usoni mwa kitasa kama ipo. Jina la babu halitawasaidia. Mzigo mdogo kama huo utakuja kwa ndege, maana ukiuacha ungoje mashua za kupanda mto toka Kinshasa, karanga zitaota.

Fundi mwaminifu, kabla hajashika waya, atakuuliza, "Mashine ni ya nani?" Asiyeuliza, mwogope. Basi mwende wote watatu, na Mama akae kitini mbele yenu. Sarafu zihesabiwe hapohapo, ziandikwe. Ufunguo mpya ukatwe mara mbili, na Mama achague nani ashike wa pili.

Na mkitaka mashine ifanye kazi tena, kumbukeni kwamba faranga yetu ya leo ni ya karatasi tu. Hamna sarafu ya kuitia. Lakini sarafu za babu zinaijua njia yake. Wateja wazinunue kwa noti kwenye meza ya Mama, wazitie katika mashine, nazo zirudi jioni kitasa kifunguliwapo. Labda ndivyo zitakavyopata thamani tena, maadamu zisigawanywe.

Niandikie hesabu ya pini na unene wake. Kopo langu la makufuli lina manane.